Faili la Mjomba: Mafunzo Tisa Niliyopata Nikiandika Misimbo ya Neva za Miguu

Asubuhi moja ya kaskazi mjomba wangu alifunga ngalawa yake pwani ya Shimoni, akakanyaga gamba la chaza, akapanda hadi chini ya mwembe wanakokaa wavuvi bila kujua kwamba anaacha damu mchangani. Mtoto wa jirani ndiye aliyemwambia, "Babu, mguu wako unatoka damu." Mjomba aliinua unyayo akautazama kwa mshangao, kana kwamba ni wa mtu mwingine. Hakuwa amehisi kitu.

Mimi ni afisa wa rekodi na taarifa za afya. Husoma alichoandika tabibu kwenye faili, nikakigeuza kuwa msimbo wa herufi na tarakimu kutoka kitabu cha Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, ambacho sisi tunakiita ICD-10, kisha nikaupeleka mbele. Jioni ya siku ile, kwa ruhusa yake, nilifungua faili lake katika kituo nilikokuwa nikifanya kazi. Nikakuta mwandiko wangu mwenyewe, wa miezi kumi na minne nyuma: G57.9.

Msimbo huo maana yake ni ugonjwa wa neva moja ya mguu, usiobainishwa. Kwa mjomba, kila neno hapo lilikuwa na kasoro. Haikuwa neva moja. Haukuwa mguu mmoja. Na chanzo kingeweza kubainishwa kwa tone moja la damu kidoleni. Kwa muda wote huo faili lake lilieleza habari za mtu mwingine, na hakuna aliyepata sababu ya kumwita arudi.

Ameniruhusu kusimulia haya. Wagonjwa wengine nitakaowataja nimewaondolea kila alama ya kuwatambulisha.

1. Hesabu miguu kabla ya kufungua kitabu

Kundi la G57 limetengewa neva moja moja za mguu, na kila neva ina chumba chake. G57.0 ni neva ya siatiki, ile nene inayoshuka nyuma ya paja. G57.1 ni meralgia parestetika, yaani ganzi na mchomo upande wa nje wa paja. G57.2 ni neva ya femuri, ya mbele ya paja. G57.3 ni neva ya peronea, inayozunguka chini ya goti kwa nje. G57.4 ni neva ya tibia, inayoteremka nyuma ya goti hadi kwenye unyayo. G57.5 ni ya handaki la tarsali, pale neva inapobanwa nyuma ya kifundo cha ndani. G57.6 ni neva za unyayo wenyewe. G57.8 ni ya nyingine zilizotajwa kwa jina, na G57.9 ni ya neva ambayo hakuna aliyesema ni ipi.

Mjomba alikuwa amesema, "Nyayo zinaniwaka, kama nimesimama mchangani saa sita mchana." Nyayo, kwa wingi. Tabibu, foleni ikiwa imefika uani, aliandika kwa mkato: neva, mguu. Nami nikatafuta neno hilo kwenye faharasa, nikachukua nambari ya kwanza iliyolingana. Sikuuliza kama ni mguu mmoja au yote miwili.

Ugonjwa unaoshika neva nyingi kwa pamoja kwa kawaida huanzia vidoleni, miguu yote miwili, ukapanda taratibu kama mtu anayevaa soksi. Neva ndefu ndizo huumia kwanza, na hakuna neva ndefu kuliko zile zinazofika kidole gumba cha mguu. Magonjwa ya namna hiyo yako kwenye makundi ya G60 hadi G64. Kati ya G57 na G63 kuna kurasa chache tu kitabuni. Kwa mgonjwa, tofauti yake ni kama atatafutiwa mahali palipobanwa au atapimwa sukari.

Jambo jingine kuhusu kuhesabu: ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani haina nafasi ya kuonyesha kulia au kushoto kwenye G57. Wamarekani katika toleo lao wameongeza tarakimu, hivyo G57.01 ni siatiki ya kulia na G57.02 ya kushoto. Sisi hatuna tarakimu hiyo, kwa hiyo neno "kulia" au "kushoto" lazima liandikwe kwa herufi, kila mara.

2. Mshipa si mmoja

Watu wa pwani tuna neno linalobeba mizigo mingi: mshipa. Mzee akisema ana mshipa, huenda anakusudia mshipa wa damu uliovimba, au ukano, au neva. Huenda pia anasitiri kwa adabu uvimbe wa korodani, yaani busha, kwa sababu mbele yake ameketi mwanamke wa umri wa binti yake.

Kaunti yetu ya Kwale ni miongoni mwa kaunti za pwani ya Kenya zilizoishi na matende kwa miaka mingi, ugonjwa wa minyoo midogo inayosambazwa na mbu. Mguu wa matende ni mzito na unauma, na mwenyewe huweza kusema tu kwamba mshipa unamsumbua. Niliwahi kupokea faili lililoandikwa "maumivu ya mshipa, mguu wa kulia." Mkono wangu ulikuwa umeshafika G57 nilipoamua kurudi kwa tabibu. Alimwita mgonjwa tena, akamwomba akunje suruali. Mguu ulikuwa umevimba kutoka kifundo hadi gotini. Msimbo wake ulikuwa B74.0, matende, mbali kabisa na neva.

Tangu hapo maneno ya mgonjwa nayathamini jinsi yalivyotoka kinywani. "Ganzi" ni kukosa hisia, na ikibaki dalili tu bila ugonjwa kutajwa, ni R20.0. "Sisimizi wanatembea" na "nachomwa sindano" ni R20.2. "Mguu unaburura," kidole kikigonga kizingiti, ni kuanguka kwa unyayo, M21.3. "Umeme unashuka kutoka kiunoni" huelekeza kwingine kabisa. Tabibu akinakili maneno haya kama yalivyo, nusu ya kazi yangu imekwisha. Akiandika "mshipa" tu, tunaanza upya.

3. Uliza mtu anafanya kazi gani

Siku za bamvua akina mama wa kijiji cha Kibuyuni hawaji kliniki. Maji yakipwa sana ndipo mashamba ya mwani hufikika, na wao huwa huko, wamejifunga leso viunoni, wakifunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizotandazwa kati ya vijiti. Wengine huchutama kwa saa nyingi, ndani ya maji na baadaye nchi kavu wanapotayarisha kamba.

Mmoja wao alifika akiburura mguu wa kushoto. Alidhani amepata kiharusi, na jirani alikuwa amemwambia amerogwa. Tabibu aliuliza swali moja: jana ulifanya nini? Akasema alichutama kutoka asubuhi hadi adhuhuri akifunga mbegu za mwani. Neva ya peronea hupita juu kabisa ya mfupa mwembamba wa muundi, upande wa nje chini ya goti, ikifunikwa na ngozi na nyama kidogo mno. Ukichutama muda mrefu hubanwa, na ikibanwa unyayo hauinuki. Hiyo ni G57.3. Aliambiwa akalie kigoda badala ya kuchutama, na apumzishe goti. Baada ya wiki kadhaa alikuja akitembea vizuri.

Mwingine alilalamika paja linawaka kwa nje, na kitambaa kikimgusa anaruka. Alikuwa mjamzito, na kazini alijifunga kibwebwe kilichokaza nyonga. Neva ndogo inayopita karibu na mfupa wa nyonga hubanwa na mkanda, na uzito, na ujauzito. Hiyo ni G57.1. Dawa ya kwanza ilikuwa kulegeza kibwebwe.

Kwenye fomu, sehemu ya kazi ya mgonjwa huachwa wazi mara nyingi, au huandikwa "mkulima" kwa kila mtu. Kwa neva za miguu, nafasi hiyo ina thamani ya kipimo. Na tangu nijue ratiba ya mwani, siku ya kurudi kliniki naipanga kwa kuangalia maji kwanza.

4. Kiuno kina kesi yake

Wapagazi wa samaki na barafu hapa bandarini huja na maumivu yanayotoka kiunoni, yakapita takoni, yakashuka nyuma ya mguu. Wenyewe wameshajifunza kusema, "Nina siatika." Neno hilo linatega, kwa sababu linafanana na neva ya siatiki, na mwandishi asiye makini huenda moja kwa moja G57.0.

Kitabu chenyewe kinakataza. Chini ya G57.0 imeandikwa wazi kwamba siatika haimo. Siatika tupu ni M54.3, na ikiambatana na maumivu ya kiuno ni M54.4. Tabibu akithibitisha kwamba diski ya uti wa mgongo imebana mzizi wa neva, ni M51.1 pamoja na G55.1. Kwa maneno mengine, maumivu yako mguuni lakini kosa liko mgongoni, na uainishaji hufuata mahali pa kosa. G57.0 imebaki kwa neva iliyopata tatizo ikiwa safarini, nje ya uti wa mgongo.

Nimejifunza kusoma tahadhari hizo ndogo zilizo chini ya kila kichwa kabla ya kusoma nambari. Faharasa hukuonyesha mlango, lakini ruhusa ya kuingia imeandikwa ndani, kwenye orodha yenyewe. Anayeandika kutoka kwenye faharasa peke yake atakosea hata akiwa na uzoefu wa miaka ishirini.

5. Jeraha lina tarehe

Kijana wa bodaboda alianguka kwenye barabara ya kutoka Kanana. Mfupa mwembamba wa muundi ulivunjika karibu na goti, na neva ya peronea ikaumia papo hapo. Unyayo wake ulianguka sawasawa na wa yule mama wa mwani. Neva ni ileile na dalili ni zilezile, lakini msimbo ni tofauti. G57 inawaondoa walioumia kwa ajali ya sasa. Yeye ni S84.1, jeraha la neva ya peronea, pamoja na msimbo wa mfupa uliovunjika, na msimbo wa nje unaoeleza kwamba alikuwa juu ya pikipiki, kati ya V20 na V29.

Mwaka mmoja baadaye alirudi, bado anaburura. Nilikuta wenzangu wameandika S84.1 tena, na tena, kila alipokuja kufanya mazoezi ya viungo. Kwenye hesabu za kaunti kijana mmoja aliyeanguka mara moja alikuwa ameanguka mara sita. Njia sahihi ni kuandika hali iliyobaki, yaani unyayo ulioanguka, na kuongeza T93.4, inayosema haya ni mabaki ya jeraha la neva la zamani.

Makosa ya namna hii yana sura mbili. Ukirudia msimbo wa jeraha jipya, barabara inaonekana ya hatari zaidi ya ilivyo. Ukiacha msimbo wa pikipiki, inaonekana salama kuliko ilivyo. Anayepanga kuweka matuta au kununua vifaa vya kuinua unyayo anahitaji hesabu zote mbili ziwe za kweli.

6. Nyota haisimami peke yake

ICD-10 ina alama mbili ambazo wanafunzi wengi huzikariri kwa mtihani kisha wakazisahau: msalaba na nyota. Msalaba huwekwa kwenye ugonjwa ulio chanzo, nyota kwenye mahali ulipojitokeza. Kisukari cha aina ya pili chenye madhara ya neva ni E11.4 yenye msalaba, na ugonjwa wa neva nyingi unaotokana nacho ni G63.2 yenye nyota. Kanuni ni kwamba nyota haiandikwi bila msalaba wake, na msalaba hutangulia.

Hapo ndipo mjomba alipopaswa kuwa. Baada ya siku ile ya gamba la chaza alipimwa sukari, ikawa juu sana. Kisha tabibu akatoa uzi mfupi wa nailoni uliofungwa kwenye kijiti, ule unaopinda ukibanwa kwa uzito wa gramu 10, akaugusisha unyayoni mahali kadhaa, mjomba akiwa amefumba macho. Alipofumbua macho akauona, alisema, "Mwanangu, si mshipi huu?" Ndiyo, ulikuwa uzi wa jamii ya mshipi. Mtu ambaye kwa miaka arobaini alijua kwa kidole chake samaki aina ya changu aliyedonoa chambo pima kumi chini ya maji, hakuuhisi mshipi uliogusa ngozi ya unyayo wake.

Kanuni hii ya chanzo inawahusu wengine pia. Mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia isoniazidi anaweza kupata ganzi ya miguu, kwa sababu dawa hiyo huvuruga vitamini B6 mwilini, ndiyo maana hupewa vidonge vya vitamini hiyo pamoja na dawa. Ganzi yake ni G62.0, ya neva zilizoathiriwa na dawa, na huongezwa Y41.1 inayoitaja jamii ya dawa yenyewe. Ukiandika ganzi bila chanzo, mtu anayesimamia dawa hatajua kwamba kuna jambo la kurekebisha.

7. Yanayodhaniwa yameisha yaandikwe kwa uangalifu zaidi

Wazee wa huku wanaikumbuka Tumbe, Msambweni, walikoishi watu wenye ukoma wakitengwa na jamaa zao. Kenya ilifikia mwaka 1989 kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani lilikiweka, cha wagonjwa pungufu ya mmoja kwa kila watu 10,000. Wengi walidhani ukoma umekwisha, na vijana wanaosoma utabibu leo huenda wakamaliza masomo bila kumwona mgonjwa hata mmoja. Lakini Kwale wagonjwa wapya bado huonekana.

Ukoma ni ugonjwa wa neva kabla ya kuwa ugonjwa wa sura. Kimelea chake, alichokitambua daktari Hansen nchini Norwei mwaka 1873, hupenda neva zilizo karibu na ngozi. Kikiishika peronea, unyayo unaanguka. Kikiishika tibia, unyayo unakufa ganzi, mtu anakanyaga kaa la moto asijue, na kidonda kinachimba. Ukitazama miguu peke yake, utafananisha na kisukari, au na kuchutama. Baka la ngozi lisilo na hisia na neva iliyonenepa chini ya kidole cha tabibu ndivyo hutoa jibu.

Msimbo wa ukoma ni A30, na neva nyingi zinazoumizwa nao ni G63.0 yenye nyota. Aliyepona lakini akabaki na ulemavu ni B92, athari za ukoma. Kuchanganya A30 na B92 kuna gharama ya utu. Niliwahi kukutana na bibi aliyemaliza dawa tangu ujana wake, na kila alipokuja na kidonda cha mguu faili lilimwandika kama mwenye ukoma hai. Vijana waliofungua faili walivaa glavu kabla ya kumsalimia. Nilipobadilisha nambari ile, kwa idhini ya tabibu, niliona namna walivyompokea safari iliyofuata: "Shikamoo bibi," mkono kwa mkono.

Dawa za ukoma ni tatu kwa pamoja na hutolewa bure. Kinachokosekana ni mtu wa kuandika neno hilo mapema, kabla ya neva kufa.

8. Tisa ni ungamo, na ungamo lina heshima yake

Baada ya kosa langu niliichukia tarakimu ya tisa, ile ya mwisho kwenye G57.9. Nikaanza kuwabana matabibu wataje neva, wataje chanzo, wataje kila kitu. Muuguzi mmoja wa makamo, mwenye uzoefu kunizidi, aliniketisha. Akaniambia, "Mwanangu, hapa hatuna mashine ya kupima umeme wa neva. Ukimlazimisha mtu ataje asichokiona, atakutajia."

Alisema kweli. Tarakimu ya tisa inasema: tumeona kuna ugonjwa, lakini hatujafika mwisho wa kuujua. Kwenye kituo kidogo, siku ya kwanza, huo unaweza kuwa ukweli wote. Na kama hata ugonjwa wenyewe haujajulikana, dalili iandikwe kama dalili, R20.2, bila aibu. Kosa langu kwa mjomba lilikuwa kuiandika tisa bila kuuliza, na kuiacha hapo bila kurudi.

Kuna kosa la upande wa pili, zito zaidi. Tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ichukue nafasi ya mfuko wa bima ya hospitali, NHIF, tarehe 1 Oktoba 2024, madai ya malipo yamefanya watu wengi zaidi kujali misimbo. Ni jambo jema. Lakini katika kituo kimoja, nisichokitaja, niliwahi kuombwa niandike ugonjwa mzito kuliko ulioandikwa na tabibu ili dai lipite haraka. Nilikataa. Mtu yule angebeba maishani mwake ugonjwa ambao hakuwa nao, na siku atakapolala hoi mbele ya daktari mgeni, faili lingesema uongo akiwa hawezi kulisahihisha.

Mwandishi wa misimbo hatambui ugonjwa wala haongezi. Anauliza, anasubiri jibu, anaandika lililojibiwa. Sheria ya Mameneja wa Rekodi na Taarifa za Afya ya mwaka 2016 iliifanya kazi yetu kuwa taaluma yenye bodi na leseni, na naamini uzito wa leseni hiyo uko kwenye siku ambazo tunasema hapana.

9. Msimbo husafiri mbali kuliko mgonjwa

Orodha hii ya magonjwa ina asili ya mbali. Mfaransa Jacques Bertillon aliwasilisha orodha ya vyanzo vya vifo mjini Chicago mwaka 1893, na kutoka hapo, toleo baada ya toleo, tukafika ICD-10, iliyoidhinishwa mwaka 1990. ICD-11 ilipitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika rasmi Januari 2022. Humo neva za mguu zimehamia 8C11, na hatimaye kuna viambatisho vya kuonyesha kulia na kushoto.

Nambari ninayoiandika Shimoni huingia kwenye muhtasari wa mwezi, ikapanda hadi kwenye mfumo wa taarifa za afya wa DHIS2 ambao Kenya iliusambaza nchi nzima mwaka 2011, ikasomwa na watu ambao hawajawahi kuvuka mkondo wa Wasini. Fomu ya muhtasari wa wagonjwa wa nje niliyokuwa nikiijaza haikuwa na mstari wa neva za miguu. Zilimezwa na "magonjwa mengine." Lakini kisukari kilikuwa na mstari wake, na ukoma una daftari lake, na ajali zina zao. Chanzo kikiandikwa, mguu unahesabiwa kupitia chanzo. Kikiachwa, mguu huo hauonekani Kwale mjini wala Nairobi, na hakuna atakayeagiza nyuzi za kupimia nyayo kwa ajili ya watu wasioonekana.

Mjomba alipoteza kidole kimoja cha mguu. Msimbo wa kukosa sehemu hiyo ya mwili ni Z89.4, na niliuandika mimi, kwa mkono uleule ulioandika G57.9. Nilimwomba radhi nikiwa nimekaa mkekani mbele yake. Alinyamaza kidogo, akasema, "Wewe uliza tu wengine, mwanangu. Uliza."

Juu ya meza yangu pamebandikwa kipande cha karatasi ngumu chenye maswali matatu, na kila tabibu mpya nampa nakala yake. Mguu mmoja au yote miwili? Ulianza lini? Kitu gani kiliutangulia?

Mjomba bado huenda baharini, sasa akiwa na viatu vya mpira. Jioni, baada ya kuoga, hukaa barazani akanyoosha miguu, na yule mtoto wa jirani huchuchumaa mbele yake na tochi ya simu. Hupitisha mwanga unyayo mmoja, kisha wa pili, katikati ya vidole, kisiginoni. Macho ya mtoto yamechukua kazi ya neva zilizokufa. Akimaliza husema kwa sauti, "Kulia hakuna kitu, babu. Kushoto hakuna kitu."

Hutaja kila mguu kwa jina lake, na mimi nikiwa pale huyasikiliza maneno hayo hadi mwisho.